Darasa la Kesho na Mtoto Asiyeuliza

Kazi ya uhakiki imewekewa mipaka na desturi. Tumezoea kuwapima washairi kwa vina na mizani, na watunzi wa hadithi kwa watu waliowaumba na maneno waliyowatia vinywani mwao. Lakini yako maandishi mengine, yaandikwayo kila mwaka katika vyuo vyetu vya ualimu, ambayo ni nadra mhakiki kuyatupia jicho, ingawa nguvu yake juu ya maisha ya watu yapita ya tenzi nyingi. Nakusudia insha ile ambayo mwalimu mtarajiwa hutakiwa kueleza jinsi alionavyo darasa la kisasa, yaani ufundishaji na ujifunzaji kama atakavyo viwe siku atakapokabidhiwa watoto. Pamoja na insha hiyo liko andalio la somo, karatasi ambayo juu yake ndoto ile hugawanywa kwa dakika. Maandishi ya namna hizi mbili nimeyasoma kwa miaka mingi, kalamu nyekundu mkononi, nikitafuta makosa ya kusahihisha. Sasa nataka kuyasoma kama yasomwavyo maandishi mengine: kutazama lililosemwa, namna lilivyosemwa, na lile ambalo mwandishi hakulisema kwa kuwa hakuliona.

Yafaa kwanza kutoa sifa mahali pake. Insha hizi, kwa umbo, zafanana kama ndugu. Mwandishi huanza na darasa la jana, ambalo mara nyingi ndilo lililomlea yeye mwenyewe: madawati yamepangwa safu kwa safu, mwalimu amesimama mbele na chaki, watoto wanaitikia kwa sauti moja, na fimbo imelazwa juu ya meza hata siku isiyokuwa na kosa. Kisha hufungua mlango wa darasa la kesho. Humo madawati yamezungushwa, watoto wamekaa kwa vikundi, kuta zimepambwa kwa picha na chati, kompyuta ziko, vishikwambi viko, na mwalimu si bwana tena bali ni mwezeshaji apitaye katikati ya vikundi akisikiliza. Fimbo haipo. Mtu mwenye moyo hawezi kuzidharau kurasa hizi. Wengi wa waziandikao walipigwa walipokuwa wadogo, na katika insha hiyo mwafikia ahadi ambayo kijana anajiwekea mwenyewe: kwamba mkono wake hautayarudia yale. Ahadi hiyo ni njema, nayo ni nusu ya ualimu.

Wala maono haya hayakuzaliwa jana. Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mkuu wa nchi, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, akailaumu elimu iliyorithiwa kwa kuwatenga watoto na jamii yao na kuwafanya waamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Alitaka kijana mwenye akili ya kudadisi. Miaka michache baadaye maandishi ya Mbrazili Paulo Freire yalienea duniani, nayo yalipinga ile desturi ya kumfanya mwanafunzi chombo kitupu cha kutiliwa maarifa na mwalimu. Mwaka 2005 mitaala ya sekondari katika Tanzania ilibadilishwa ili ijengwe juu ya ujuzi, mwanafunzi akawekwa katikati ya kazi yote. Basi kijana aandikaye insha hii leo hatungi ndoto mpya. Anasimama mwisho wa safu ndefu ya watu ambao wote walimtamani mtoto mmoja, yule aulizaye. Swali la mhakiki ni hili: je, mtoto huyo yumo katika insha?

Nimemtafuta, na mara nyingi sikumpata.

Kinachoonekana kwanza ni wingi wa vyombo. Insha ikiwa ya kurasa nne, kurasa mbili huenda zikaliwa na vyombo: mashine ya kurusha picha ukutani, kompyuta, mtandao, na siku hizi programu za akili mnemba. Sisemi kwamba vyombo havina kazi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu, na mwalimu wa kijijini aliyekuwa na kitabu kimoja kilichochakaa akapata njia ya kuvifikia vingi. Lakini jahazi halichagui shehena yake. Ubao mweusi nao ulikuwa chombo kipya siku moja, na juu yake yaliandikwa ya hekima na ya upuuzi kwa chaki ile ile. Mwandishi asemapo kwamba mtoto atajifunza kwa kuwa kishikwambi kipo, ameruka daraja. Hakutuambia mtoto atakifanyia nini, wala atamwambia nani alilolikuta humo, wala kwa maneno gani.

La pili ni vitenzi. Naomba msomaji aichukue insha yoyote ya namna hii, apige mstari chini ya kila kitenzi ambacho mtendaji wake ni mtoto. Ataona kwamba mtoto huongozwa, huhamasishwa, huwezeshwa, hushirikishwa, hupimwa. Kauli ya kutendwa imemfunika. Na pale atendapo mwenyewe, kitenzi chake kikubwa ni kushiriki, neno ambalo katika insha hizi halisemi ashiriki nini wala na nani. Mtu hushiriki karamu, hushiriki mazishi, hushiriki shauri. Lakini mtoto wa insha hushiriki tu, kama taa iwakayo bila ya kumulika kitu.

Hali hiyo yaonekana wazi zaidi katika andalio la somo. Ninalo moja mbele yangu katika kumbukumbu, lililoandikwa na binti mmoja, mwanafunzi wa ualimu, kwa somo la fizikia la Kidato cha Kwanza juu ya vitu kuelea na kuzama. Liliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kanuni ya sekondari. Maana yake kwa Kiswahili ni hii. Katika safu ya kazi za mwalimu palikuwa na neno kwamba atawaongoza wanafunzi kujadili kwa vikundi sababu za vitu kuelea. Katika safu ya kazi za mwanafunzi, mstari ule ule, palikuwa na neno kwamba watajadili kwa vikundi sababu za vitu kuelea. Chini yake, mwalimu atawaongoza kutaja kanuni. Wanafunzi watataja kanuni. Safu ya mtoto ilikuwa mwangwi wa safu ya mwalimu kutoka juu hadi chini, na kila mwangwi uliandikiwa dakika zake ndani ya zile arobaini za kipindi. Hapakuwa na mstari wa swali la mtoto. Hapakuwa na mahali ambapo mwalimu angeweza kukwama. Andalio lile, kwa kadiri ya mtindo wake, lilikuwa safi kabisa, nami nililipa alama nzuri.

Kisha nikaingia darasani kulitazama likitendwa. Ilikuwa shule moja ya pwani, karibu na bahari hata upepo ulikuwa ukipeperusha karatasi mezani. Madawati yalikuwa yamezungushwa. Bakuli la maji lilikuwapo, na msumari, na kipande cha ubao, na kizibo. Binti alifundisha kwa upole, hakupaza sauti wala hakumwaibisha mtoto. Aliwauliza kwa Kiingereza kwa nini msumari umezama na ubao umeelea. Watoto wakayatazama maji. Akauliza tena polepole. Mtoto mmoja akasimama, akatamka neno moja la Kiingereza lililoandikwa ubaoni, akaketi. Wakapigiwa makofi. Vikundi vikaambiwa vijadili, na katika kila kikundi mtoto mmoja akanakili kanuni kutoka ubaoni huku wengine wakimtazama anavyoandika. Dakika arobaini zikaisha kama zilivyopangwa.

Nilipotoka nilipita nyuma ya mwembe, na watoto wawili wa darasa lile walikuwa wameketi mizizini. Mmoja alikuwa akimwuliza mwenziwe: msumari ni chuma nao umezama, na meli ni chuma vilevile, mbona meli haizami? Yule mwingine akafikiri, akasema: sufuria la nyumbani ukiliweka juu ya maji linaelea, lakini ukililaza ubavu maji yakaingia, linazama, basi meli ni kama sufuria, ni ule uwazi wake. Wa kwanza hakuridhika. Akauliza kama ni hivyo, kwa nini meli ikitiwa mizigo hushuka kidogo tu, isizame yote.

Nilisimama pale nikiwa na haya. Watoto hao walikuwa wamekwisha kufika mlangoni pa kanuni ya Archimedes, kwa miguu yao wenyewe. Lililobaki lilikuwa ni mwalimu kuwaambia wapime maji yanayosukumwa na chombo, wayalinganishe uzito wake na uzito wa chombo na mizigo yake, nao wangeona wenyewe kwamba chombo hushuka mpaka uzito huo uwe sawa. Swali la yule mtoto wa kwanza ndilo hasa lililotakiwa kuwa kiini cha somo. Nalo lilikuwapo darasani muda wote, limefungiwa kinywani kwa kukosa lugha ya kutokea.

Nilimwita binti yule nikamweleza niliyoyasikia. Hakukasirika. Alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, hata mimi nilitamani kuwauliza kwa Kiswahili. Lakini mtihani wao wa Kidato cha Nne utakuwa wa Kiingereza, na Mwalimu ulikuwa umekaa nyuma unaandika alama." Sikuwa na jibu. Katika karatasi yangu nilikuwa nimempa alama za juu kwa utulivu wa darasa, nami sasa nilijua utulivu ule ulitoka wapi.

Hapa ndipo lilipo lile lisilosemwa. Katika insha hizi za darasa la kesho, zenye mambo ya mwanga, ya viti, ya mitandao, ya saikolojia ya mtoto, ni mara chache sana kukuta sentensi moja iulizayo: watoto hawa watazungumza kwa lugha gani? Mwandishi anajenga baraza la mazungumzo, anatandika mikeka, anaweka taa, kisha hawaulizi wageni wake kama wanayo maneno. Kosa si la vijana peke yao. Wameandika kama walivyofunzwa nasi.

Lugha yetu wenyewe ingaliweza kuwaonya, kama wangaliisikiliza. Tazama neno kujifunza. Ndani yake mna kufunza, na mbele yake mna ile -ji- imrudishiayo mtendaji tendo lake, kama katika kujitazama au kujilisha. Ajifunzaye ndiye ajifunzaye nafsi yake. Mwalimu aweza kumfunza mtu, lakini hawezi kujifunza kwa niaba yake. Tazama tena fundi, jamaa wa kufunda na kufundisha: ni mtu aliyeijua kazi hata akaweza kumpa mwingine, na mwanagenzi wake huijua kazi kwa kushika randa, kuharibu ubao, na kuuliza kwa nini umeharibika. Mithali yasema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na nyingine yasema kuuliza si ujinga. Haya yote twakuwa nayo kabla ya neno mwezeshaji kuletwa. Sina ugomvi na neno hilo, kwani limeumbwa vyema kutokana na kuweza. Lakini lamdai mwenye kulivaa: mwezeshaji ni yule amfanyaye mwingine aweze, na hakuna kuweza darasani kusikoanza na kuweza kusema.

Tofauti yaonekana hata katika insha zenyewe. Zile ziandikwazo kwa Kiswahili, na wale watakaofundisha shule za msingi, zina kasoro zote nilizozitaja, lakini hapa na pale hutokea kitu hai: mtoto ahesabuye kwa kokwa za maembe, mtoto amwambiaye mwalimu kwamba mvua ya kwao haikuja mwezi uliotajwa kitabuni. Zile ziandikwazo kwa Kiingereza ni laini zaidi, na zaweza kuwa zimeandikwa kwa ajili ya nchi yoyote. Mwandishi ameshika maneno ambayo wengine wamekwisha kuyashika, akayapanga bila ya kuthubutu kuyasukuma. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu mzima aliyepita mitihani yote, mtoto wa Kidato cha Kwanza atapata wapi uthubutu?

Jambo hili lina historia, na mwalimu mtarajiwa hana budi kuijua. Mwaka 1967 Tanzania iliamua Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za msingi mpaka mwisho wake. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari kuanzia mwaka 1985, na Serikali haikukubali. Mwaka 1984 Criper na Dodd walioneza wazi katika uchunguzi wao kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakikutosha kubeba masomo waliyofundishwa kwacho. Sera ya mwaka 1995 ikaendelea na Kiingereza. Tangu mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Norway na Afrika Kusini walilinganisha madarasa yaliyofundishwa kwa lugha mbili hizo, wakaona yale ya Kiswahili yakizungumza na yale ya Kiingereza yakinyamaza. Sera ya mwaka 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote, na hata hivyo madarasa ya sekondari yaliendelea kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtaala wa 2005 ulimtaka mtoto ajadili, nayo desturi ya lugha ikamnyima cha kujadilia. Mwalimu kijana amewekwa kati ya amri mbili zipinganazo, kisha akaambiwa aandike insha ya matumaini.

Wako watakaonipinga, na hoja zao zafaa kusikilizwa. Wasema kwanza kwamba Kiingereza ni mlango wa dunia, na mzazi maskini hatakubali mwanawe afungiwe. Mzazi huyo ana haki. Lakini kujua lugha na kufundishwa fizikia kwa lugha hiyo kabla ya kuijua ni mambo mawili mbalimbali. Kiingereza kifundishwe kama somo, na walimu wakijuao, kwa vitabu vya kutosha na saa za kutosha. Ndipo mtoto atakapokipata, na fizikia pia ataipata. Kwa njia ya sasa wengi hukosa vyote viwili. Wasema pili kwamba Kiswahili hakina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na istilahi huzoeleka kwa kutumiwa, kama sarafu. Wale watoto wa mwembeni hawakukwama kwa kukosa istilahi. Walikuwa na uwazi, uzito na kusukuma, na kwa maneno hayo matatu walikuwa wamefika mbali kuliko darasa zima lilivyofika kwa dakika arobaini. Wasema tatu kwamba mwalimu mmoja hawezi kubadili sera. Hilo ni kweli, nami silidai. Ninalodai ni kwamba asiifiche katika maandishi yake. Insha isemayo kila kitu juu ya darasa la kesho isipokuwa lugha yake imeficha jambo kuu, hata kama mwandishi hakukusudia.

Basi kama ningaliulizwa ushauri na mwalimu mtarajiwa anayekaa leo kuandika insha hiyo, ningalimwambia aviache vyombo mpaka ukurasa wa mwisho. Aanze na mtoto mmoja, mwenye umri na mahali pa kutoka, na aandike swali ambalo mtoto huyo angeuliza, kwa maneno ambayo mtoto huyo angetumia. Kisha aandike kile ambacho yeye mwalimu angefanya kama hajui jibu. Katika andalio la somo, badala ya safu mbili ziitikianazo, aache mahali patupu pa maswali yasiyotazamiwa, akapajaze baada ya kipindi. Pakibaki patupu siku tatu mfululizo, ajue kuna jambo la kuchunguza, na aanze kwa kuichunguza lugha.

Nasi tukaao nyuma ya darasa na karatasi za alama tuna kazi yetu. Katika karatasi hiyo kuna mstari wa utulivu, kuna mstari wa zana, kuna mstari wa mwandiko wa ubaoni. Tangu siku ile ya mwembe nimeongeza mstari wangu kwa kalamu, nikiandika humo maswali ya watoto niliyoyasikia na lugha waliyoyaulizia. Kurasa nyingi bado ni nyeupe. Nazitunza, maana nazo ni maandishi, na aliye na macho ya kuhakiki aweza kuzisoma. Haya ndiyo niliyoyaona. Mwenye kuona zaidi na aseme.